Mapumziko ya dakika tatu kwa anayeshinda kaunta

Mwongozo huu ni wa mtu anayehudumia watu tangu asubuhi mpaka jioni akiwa sehemu moja: wakala wa pesa za simu, muuzaji wa duka la dawa, dada wa mapokezi, keshia wa supamaketi. Mifano mingi nitaitoa kwa wakala, maana kwenye kibanda chake msongo wa kila siku hauna pa kujificha. Floti, yaani salio la wakala la kuhudumia wateja, imeisha kwenye laini ileile ambayo kila mtu anaitaka. Mtandao unazunguka na mteja anakukodolea macho kana kwamba mnara ni wako. Mtu anataka kutoa laki mbili, droo ina noti nne za elfu kumi. Anakuja mwingine kapokea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", keshatuma, na ana imani kwamba wewe ndiye wa kuirudisha. Jioni unafunga hesabu, shoti (pesa pungufu) elfu kumi na tano, na wa kulipa ni wewe.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuitwa janga, ndiyo maana hakuna anayekupa pole. Lakini mwili unaitikia. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, pumzi inapanda na kuwa fupifupi kifuani. Ukiachwa utulie, hali hiyo hushuka yenyewe baada ya dakika chache. Shida ya kaunta ni kwamba huachwi. Haijashuka vizuri, sauti nyingine dirishani: "Dada, kutoa." Mapumziko mafupi kazi yake ni kuupa mwili hizo dakika za kushuka, mara kadhaa kwa siku, badala ya kuzilimbikiza zote zisubiri Jumapili.

Hatua ya kwanza: jua unakazia wapi

Hii ni ya siku moja tu. Fanya kazi zako kama kawaida, ila kila unapomaliza na mteja msumbufu jichunguze: meno yamebana? Mabega yamepanda karibu na masikio? Tumbo limeingia ndani? Mkono umeikamata simu kwa nguvu zisizohitajika? Karibu kila mtu ana sehemu yake moja au mbili. Wengine hata hawahisi chochote mpaka saa tisa alasiri kichwa kinapoanza kugonga kwa nyuma, kuanzia shingoni.

Ukishaijua sehemu yako, hiyo ndiyo kengele. Huhitaji tena kujiuliza kama umechoka au hujachoka.

Hatua ya pili: tundika mapumziko kwenye kitu ambacho tayari unakifanya

Ushauri mwingi wa mapumziko umeandikwa kwa mtu mwenye ofisi na mlango wa kufunga. Unaambiwa ufanye kazi dakika 25, upumzike 5, kisha uanze tena. Kwa anayeandika ripoti, sawa. Kwa kaunta hilo halitekelezeki: huwezi kumwambia mama aliyebeba mtoto mgongoni asubiri kwa kuwa saa yako imelia.

Kwa hiyo achana na saa, tumia matukio. Angalia ni wakati gani kazi yenyewe inakuachia upenyo:

- mtandao ukigoma (hapa hata foleni yote inapumzika kwa lazima);
- mteja wa mwisho kwenye foleni akishaondoka, kabla hujagusa simu;
- unapopanga noti kwenye droo;
- unapokwenda kununua vocha au kuongeza floti;
- adhana ikisikika, au kengele ya shule ya jirani.

Chagua matukio mawili tu kwa kuanzia. Ukichagua sita, kufikia Jumatano utakuwa umeyasahau yote. Kwa wakala ninalolipenda zaidi ni la mtandao kugoma, kwa sababu linageuza kero kuwa nafasi. Wengi mtandao ukigoma ndipo wanapochoka zaidi: wanabonyeza, wanarudia, wanazima na kuwasha simu, wanajibu lawama. Mwambie mteja mara moja kwa sauti ya kawaida, "Mtandao unasumbua, nipe dakika mbili nijaribu tena," kisha zitumie kweli hizo dakika mbili.

Wanaoswali wana vituo ambavyo tayari vimepangwa. Adhuhuri na alasiri zinaangukia katikati ya kazi, na udhu wenyewe unakuinua kwenye kiti, unakutembeza mpaka kwenye maji na kukuosha uso. Maji ya baridi usoni hupunguza kasi ya moyo kwa muda. Sala haikuwekwa kwa ajili ya afya ya moyo, najua, lakini anayeswali huku anawazia foleni aliyoiacha amekosa yote mawili.

Hatua ya tatu: pumzi

Kama utachukua kitu kimoja tu kutoka kwenye mwongozo huu, chukua hiki.

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, utafute mapigo. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe taratibu zaidi. Watu wengi, hasa vijana, husikia wenyewe: ukivuta, mapigo yanakimbia kidogo, ukitoa, yanapunguza mwendo. Mwili umeumbwa hivyo. Mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda moyoni hufunga breki zaidi wakati wa kutoa pumzi. Kwa hiyo anayetaka kutulia hana haja ya kuvuta pumzi kubwa. Anahitaji kuitoa kwa muda mrefu.

Hivi ndivyo inavyofanyika:

1. Kaa au simama, mgongo usijikunje. Miguu yote miwili ikanyage chini.
2. Funga mdomo, vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja mpaka nne polepole. Tumbo ndilo litoke mbele, mabega yabaki yalipo. Kama huna uhakika, weka kiganja juu ya kitovu.
3. Toa kwa mdomo ulioubana kidogo, kama unayepoza chai, ukihesabu moja mpaka sita. Usisukume.
4. Rudia.

Kila mzunguko ni kama sekunde kumi, kwa hiyo dakika moja ni pumzi sita na dakika tatu ni kumi na nane. Huna dakika tatu? Pumzi tatu ni nusu dakika na tofauti utaihisi mabegani. Ikiwa kuhesabu sita kunakubana, anza na tatu kuvuta na nne kutoa. Muhimu ni kutoa kuzidi kuvuta.

Kosa linalowakuta wengi ni kuvuta kwa nguvu na haraka, wakidhani hewa nyingi ndiyo utulivu. Hapo kichwa kinakuwa chepesi, midomo na ncha za vidole zinaanza kuwasha, kwa sababu umetoa hewa chafu nyingi kuliko mwili unavyotaka. Ikitokea, acha kuhesabu, pumua kawaida, itapita.

Na jambo ambalo miongozo ya ofisini haina sababu ya kulitaja: ukiwa kwenye kaunta yenye pesa, usifumbe macho. Angalia droo, angalia daftari, lakini macho yawe wazi na mkono uwe juu ya droo. Pumzi haihitaji giza.

Zoezi hili lina faida nyingine ya kibiashara. Weka pumzi moja ndefu mahali pale pale kila mara: baada ya kuandika namba na kiasi, kabla ya kuweka namba ya siri. Wakati unatoa pumzi, soma namba upya, ikiwezekana kwa sauti mteja aisikie. Matapeli wanaofika dirishani wanategemea haraka. Wanakuja wawili, mmoja anauliza hiki, mwingine anaharakisha kile. Mtu aliyezoea kupumua kabla ya kubonyeza ni mgumu kukimbizwa.

Hatua ya nne: kaza, kisha legeza

Kumwambia mtu "legeza mabega" mara nyingi hakusaidii. Hajui hata kwamba ameyakaza. Daktari Mmarekani Edmund Jacobson, aliyefanya kazi Chicago na kuchapisha utafiti wake mwaka 1929, alipita njia ya kuzunguka: kaza msuli kwa makusudi, uhisi ulivyo, kisha uachie. Mfumo wake kamili unapitia mwili mzima na huchukua muda mrefu. Kwa kaunta chukua sehemu tatu tu.

Viganja: kunja ngumi chini ya meza, hesabu mpaka tano, achia. Vidole vibaki vizito bila kufanya chochote kwa muda kama huohuo. Mabega: yapandishe kuelekea masikioni, hesabu mpaka tano, yaachie yaanguke yenyewe, usiyashushe. Taya: bana meno kidogo, si kwa nguvu, achia, ulimi ukae chini mdomoni. Wakati wa kuachia ndipo pumzi itoke.

Usibane pumzi wakati unakaza, hasa kama una presha ya kupanda. Kukamua misuli huku pumzi imezuiwa huipandisha zaidi. Wenye maumivu ya shingo au jeraha waruke sehemu hiyo.

Hatua ya tano: macho, miguu na maji

Kila unapokumbuka, acha kioo cha simu uangalie kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi: paa la ng'ambo ya barabara, mwembe, nguzo ya umeme. Sekunde ishirini zinatosha kwa misuli ya macho. Anayekaa asimame, anayesimama anyanyue visigino juu na chini mara kumi ili damu ipande kutoka miguuni. Haya hayahitaji maelezo zaidi.

Maji ndiyo yenye kisa. Ukizungumza na dada wa vibandani kuhusu kunywa maji, jibu utakalolisikia sana ni kwamba hanywi, kwa sababu choo kiko mbali na kibanda hakiachwi. Anakaa chini ya bati tangu saa moja asubuhi, jua la Dar linawaka, na mpaka alasiri kaishia na chai moja. Kisha anasema kazi inampa mawazo mpaka kichwa kinauma. Sehemu ya maumivu hayo ni kiu.

Suluhisho hapa ni ujirani. Patana na mtu mmoja wa karibu, fundi simu au mama wa matunda, kwamba mtaangaliziana zamu. "Mama, niangalizie hapo dakika tano, nachepuka." Ila kuna utaratibu: droo ifungwe kwa ufunguo, simu zenye laini za uwakala uondoke nazo, na umwachie jirani kazi ya kuwaambia wateja kwamba unarudi, siyo kazi ya kuhudumia. Namba ya siri haiachwi kwa mtu, hata kama ni shoga yako wa miaka. Ukienda hivyo kila siku saa nne na saa nane, wateja wa kudumu watazoea, na hizo safari mbili za chooni zinakuwa mapumziko yako mawili: tembea polepole kwenda, pumua wakati wa kurudi.

Simu si mapumziko

Nasema hivi nikijua haitapendwa. Foleni imekatika, mkono unakwenda wenyewe kufungua video, na dakika tano baadaye umeangalia ajali moja, ugomvi wa wasanii na mtu anayejenga ghorofa huku wewe unadaiwa kodi. Macho hayajapumzika, shingo imeinama vilevile, na adrenalini imepata sababu mpya. Kwa wakala ni mbaya zaidi, kwa kuwa simu ndiyo nyundo yake ya kazi. Kupumzika nayo ni kubaki kazini.

Sikatazi simu siku nzima. Nasema pumzi kwanza, halafu simu kama bado unaitaka. Igeuze kifudifudi kwenye meza, pumua mara sita, kisha amua.

Soga na jirani ni bora mara mia kuliko video, mradi mada isiwe shoti, madeni na nani kaibiwa wapi. Hayo yana saa yake.

Mteja akiwa mkali

Hapa ndipo mapumziko yanapotakiwa na ndipo yasipowezekana, kwa hiyo yanafanyika ndani ya mazungumzo yenyewe.

Mzee kafika, sauti imemtangulia. Mwanawe kamtumia hela, ujumbe hauoni, na jana alitoa hapohapo bila shida.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hela yangu iko wapi?"

Salamu imekupa sekunde mbili. Sasa mwache aseme yote, na wakati anasema wewe toa pumzi ndefu kwa pua bila sauti, mabega yaanguke. Kupumua kwa mdomo mbele yake kutaonekana kama unamsonya au umemchoka, jambo ambalo litawasha moto. Usimkate kauli ili ujitetee. Akinyamaza, ongea polepole kuliko alivyoongea yeye: "Pole baba. Shika simu yako tuangalie salio pamoja. Namba ya siri weka mwenyewe."

Mara nyingi sekunde hizo kumi au kumi na tano ndizo zinazoamua kama mtafika kwenye tatizo au mtabaki kwenye heshima. Akishaondoka, hata kama ameondoka akicheka, usimwite anayefuata papo hapo. Ngumi chini ya meza, achia, pumzi tatu. Ndipo "Karibu."

Saa ya chakula

Kama umeajiriwa Tanzania Bara, mapumziko ya mchana si hisani ya bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko yasiyopungua dakika 60. Anaweza kukutaka ufanye kazi katika muda huo pale tu kazi isipoweza kuachwa bila mtu au isipoweza kufanywa na mwingine. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, isome hiyo. Kwenye kuomba, usianze na kifungu. Anza na pendekezo la zamu: "Bosi, naomba mimi nitoke saa saba, mwenzangu saa nane, kaunta isibaki tupu." Bosi anayeona dirisha halitafungwa hukubali mapema kuliko anayetishiwa na sheria. Kifungu kiweke mfukoni.

Wakala aliyejiajiri hana wa kumwomba, na kwa kawaida ndiye bosi mbaya kuliko wote. Anakula ugali kwa mkono mmoja, wa pili unatuma hela. Jiwekee angalau dakika ishirini za kula ukiwa umegeukia upande mwingine, saa ambayo wateja wako ni wachache. Unaijua hiyo saa. Angalia miamala ya wiki iliyopita kwenye simu.

Ukipata pa kujilaza, usingizi wa dakika kumi mpaka ishirini unatosha. Tega kengele. Ukipitiliza nusu saa mwili unazama kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa hapo unarudi kazini mzito kuliko ulivyolala. Wanaopenda kahawa chungu na kashata kijiweni waendelee, maana kukaa barazani na watu ni mapumziko yaliyokomaa kuliko yote niliyoyataja. Waangalie saa tu: karibu saa tano baada ya kunywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kikombe cha saa kumi jioni kinakufuata kitandani, na asiyelala vizuri kesho yake kila mteja ni mkorofi.

Pale ambapo pumzi haitoshi

Maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda mkononi au kwenye taya, au yanayokuja na jasho la baridi na kukosa hewa, hayapumuliwi. Ni hospitali, muda huohuo.

Vilevile kama kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, machozi yanakujia bila sababu, vitu ulivyovipenda havina ladha, au pombe imekuwa ndiyo njia ya kufunga siku, nenda kituo cha afya ueleze kama ungeeleza malaria. Hospitali ya Muhimbili ina idara ya afya ya akili, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari. Lakini mlango wa kwanza ni kituo cha karibu, wao watakupa rufaa. Na anayewaza kujiua asisubiri wiki mbili. Amwambie mtu leo, na mtu huyo aende naye.

Kabla ya kufunga hesabu

Mapumziko ya mwisho yanasahaulika kwa sababu kila mtu anataka kwenda nyumbani. Shusha dirisha, kaa, fanya dakika tatu kamili za pumzi kabla ya kugusa noti hata moja. Kuhesabu pesa huku taya limebana na daladala inapiga honi nje ndiko kunakozaa shoti za uongo: noti mbili zimeshikana, muamala mmoja umeandikwa mara mbili, ukalipa deni ambalo halikuwepo.

Hesabu mara moja taratibu, linganisha na daftari na jumbe za simu. Kama haijakaa sawa, rudia mara ya pili, isizidi hapo. Ikigoma bado, andika tarehe, kiasi kinachopungua na saa unazozitilia shaka, ufunge daftari. Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, miamala ya jana bado itakuwepo kwenye simu na utaipitia ukiwa na kichwa kizima.